Kadi haikuungua

Naungama: kadi haikuungua. Nilimwambia mzee imeungua kabla hata sijaiona.

Alikuja kutoka Butiama, mwalimu mstaafu, ameipakata mashine kwenye Haisi kama trei ya mayai. Ilikuwa kompyuta mpakato, ThinkPad T60, toleo la mwaka 2006, aliyopewa na binti yake wa Bunda. "Mwanangu, kila kitu inafanya, ila waifai haishiki." Kibandani kwangu hapa Musoma wateja walikuwa wamejaa. Nikabofya mara mbili, nikaona hakuna mtandao, nikatamka kifundi: "Kadi ya waifai imeungua, Mwalimu." Akahesabu shilingi elfu arobaini bila kuomba nipunguze.

Nikaagiza kadi Mwanza. Nikafungua skrubu za chini, nikanyanyua bamba la kuegemezea viganja, nikachomeka. Mashine ikagoma kuwaka, ikaandika 1802: kadi hii hairuhusiwi. Mashine hizo zina orodha yao ya kadi, imefichwa katika programu ya kuwashia. Kadi isiyomo hufukuzwa mlangoni. Nikarudisha ile ya zamani. Mwalimu akaja, nikamwambia arudi Ijumaa. Ijumaa nikamwambia Jumatano. Kila safari alilipa nauli, na kila safari aliniamkua kwa jina.

Jumanne jioni nilikuwa naisugua vumbi kwa mswaki mkuukuu ili angalau imrudie safi. Kwenye ukingo wa mbele, upande wa kushoto, kitu kikateleza chini ya mswaki. Swichi ndogo kama punje ya mchele. Rangi ya kijani ikatokeza, taa ikawaka, mitandao ya mtaa mzima ikajipanga kwenye skrini.

Hapo ndipo palipo kosa langu hasa. Kutoijua swichi ni ujinga, na ujinga hufundishika. Lakini kesho yake nilimkabidhi mashine, nikasema, "Ilinisumbua, Mwalimu, ila nimeipatia kadi." Akanishukuru. Ile kadi ya Mwanza nikamuuzia mtu mwingine.

Miezi miwili baadaye nilipanda gari hadi Butiama, elfu arobaini na nauli zake zikiwa kwenye bahasha. Nilimkuta barazani anasoma habari kwenye mashine ileile. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuanzia. Kisha nikaona ukingo wa mbele, kushoto: amebandika plasta juu ya swichi, isije ikateleza tena.

"Karibu, fundi," alisema. "Kaa unywe uji kwanza."