Bobi wa Molo

Likizo ya Agosti mwaka 1993, shangazi alipolazwa hospitalini Nakuru, nilitumwa kwake Molo. Ng'ombe walikuwa na mtu wao wa kuwakama. Mimi nilikabidhiwa Bobi, mbwa wa rangi ya udongo aliyekatika ncha ya sikio.

Molo ni baridi. Iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa msitu wa Mau, na Agosti ukungu hushuka ukakaa hadi saa nne asubuhi. Enzi hizo mashamba yalikuwa meupe kwa maua ya pareto. Kenya iliongoza duniani kwa zao hilo, na magunia ya maua makavu yalipelekwa kiwandani Nakuru kutengenezwa dawa ya wadudu. Shangazi hakukingoja kiwanda. Maua kidogo aliyabakiza akayatwanga kinuni, na unga wake ndio tulioutandaza chini ya magunia aliyolalia Bobi. Kila Jumamosi niliyakung'uta magunia, nikafagia kibanda, kisha nikamsugua Bobi unga ule kinyume cha manyoya, kuanzia mkiani hadi shingoni, mpaka viroboto walegee na kudondoka. Alisimama tuli, macho ameyafumba, akipiga chafya.

Alikuwa na sufuria yake. Nilimpikia ugali laini wa unga wa kusagisha, nikauchanganya na mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa kwa chumvi kidogo sana. Mwenye bucha alinifungia mapafu hayo kabla sijasema neno. Alijua natoka boma lipi.

Mchana Bobi alifungwa, jioni akafunguliwa. Watu wa mjini huona huo ni ukatili, nami sikubaliani nao. Mbwa wa shamba ni mlinzi wa zamu ya usiku, na mchana anahitaji kivuli, maji na usingizi. Mbweha walikuwa wakitoka Mau kuwinda wana-kondoo, na baada ya muda niliweza kujua kwa mbweko tu kama ni mbweha au ni mtu anayepita njiani.

Kisha chifu akatangaza chanjo. Tulikusanyika kwenye josho, kila mtu na kamba yake ya katani, mbwa wasiojuana wakitoana meno. Nilimbana Bobi katikati ya magoti, daktari wa mifugo akavuta ngozi ya shingo na kudunga. Hakuna aliyefanya mzaha pale. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na miongoni mwa wanaokufa watoto ni wengi. Daktari alitusisitizia: ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha ukimbilie hospitali. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, na nguzo yake ni kazi ileile ya joshoni: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka.

Shangazi alirudi kwa matatu, amekonda, amejifunga leso mbili. Bobi aliivuta kamba hadi kigingi kikang'oka.

"Amechanjwa, mwanangu?"

"Amechanjwa, shangazi."

Akaomba kadi ya chanjo, akaisoma yote, akampapasa Bobi masikio na kwapani akitafuta kupe. Habari za ng'ombe aliziulizia baadaye, tukiwa jikoni.