Dari Moja, Kazi Mbili

Neno dari lina maana mbili ambazo wengi wetu huzichanganya bila madhara. Dari ni kile kinachofunika chumba kwa juu, tunachokitazama tukilala chali. Dari pia ni sakafu ya juu, mahali pa kupanda na kukanyaga. Darasani tofauti hii huishia kwenye kamusi. Nyumbani kwa bibi yangu, huko Butihinda katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, ilitubidi kuipima kwa futikamba, kwa sababu kulikuwa na watu wanne wasio na mahali pa kulala.

Mama mdogo alikuwa amerudi kutoka Tanzania na watoto wake watatu. Nyumba ya bibi ina vyumba vitatu, na vyote vilikuwa vimejaa. Kujenga nyumba nyingine kulimaanisha kukata migomba, na kwetu ardhi haichezewi: Burundi nzima ina kilomita za mraba 27,834, na watu wake wamepita milioni 12. Mjomba akatazama juu. "Pale darini pamekaa bure," alisema. "Tutandike mbao, tutoboe dirisha, watoto walale." Kwa kuwa nasoma chuo kikuu, aliamini kwamba najua kila kitu, hata kama ninachosoma ni Kiswahili. Akaniambia nipande na fundi tukaangalie.

Fundi huyo amefanya kazi miaka mingi upande wa Ngara, ng'ambo ya mpaka wa Kobero, na Kiswahili chake cha ujenzi ni darasa tosha. Kutoka kwake nilisikia makombamoyo, yaani miti inayoshuka kutoka kilele cha paa, na mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya ukuta kupokea uzito wa paa. Nani asiyemwona panya mwenyewe akipita katika neno hilo?

Kwanza tulipima kimo. Nyumba ya bibi imeezekwa kwa vigae, na vigae huhitaji mteremko mkali ili maji ya mvua yasirudi ndani. Paa la mabati huweza kulala karibu bapa, ndiyo maana nyumba nyingi mpya hazina dari la kuzungumziwa. Nyumba ina upana wa mita 8 na mteremko wa nyuzi 30 hivi, kwa hiyo kilele kiko mita 2.3 juu ya boriti. Mjomba alifurahi kusikia hivyo. Lakini paa hushuka pande zote mbili. Tulipotafuta sehemu ambayo mtu mzima angesimama wima, yaani penye mita 2, tulipata ukanda wa mita moja tu katikati. Kwingine kote ni kutembea kwa magoti. Na hiyo ni kabla ya kuweka sakafu, ambayo nayo ingekula sentimita zake.

Pili, tulitazama boriti. Ni miti ya mikaratusi yenye unene wa sentimita 10 hivi, na kila mmoja umevuka mita 4, kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa kati. Fundi alivuta uzi kutoka ncha moja ya boriti hadi nyingine. Katikati, boriti ilikuwa imeshuka chini ya uzi kwa vidole viwili. Kisha akachoma miti kwa kisu. Mingi ilikuwa migumu, lakini miwili karibu na ukuta ilipokea kisu kama muhogo uliopikwa. Mchwa walikuwa wamefika kabla yetu.

Hapa ndipo maana mbili za dari zilipotengana. Wahandisi huhesabu kwamba dari la kufunika tu libebe kilo 25 hivi kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya chumba cha kulala huhesabiwa kwa kilo 150 hadi 200. Tena boriti haidhoofiki polepole kadiri inavyorefushwa. Ukiongeza urefu wake mara mbili, huku kila mita ikibeba uzito uleule, itapinda mara 16. Wajenzi wa zamani wa Lamu na Unguja Mjini walilijua jambo hili kwa mikono yao. Dari zao nzito za mawe na chokaa zilibebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, mita 3 hivi au pungufu. Ndiyo maana vyumba vyao ni virefu na vyembamba. Kwao dari lilikuwa la kukanyagwa tangu siku ya kwanza. La bibi lilikuwa la kufunika, na la kuhifadhia maharage.

Nilimuuliza bibi magunia yake huyaweka wapi. Akajibu kwamba tangu alipoolewa, magunia hukaa pembeni, juu ya ukuta, na katikati huweka vikapu vitupu na mbegu za mtama. "Katikati panalia," alisema. Hajawahi kushika kitabu cha uhandisi, lakini uzito ulio karibu na ukuta huipinda boriti kidogo kuliko uzito wa katikati. Nilichokuwa nakitafuta kwa hesabu, yeye alikuwa amekisikia kwa masikio zaidi ya miaka 40.

Tatu, kuta. Ni za matofali ya udongo, hazina lenta ya zege juu yake, na penye kona moja kuna ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa tulitaka kuupandishia ukuta huo mzigo mpya. Fundi alikumbusha tetemeko la Kagera, jirani zetu, la tarehe 10 Septemba 2016. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9, likaua watu zaidi ya kumi na kubomoa mamia ya nyumba. Kadiri uzito unavyokaa juu zaidi, ndivyo ukuta dhaifu unavyotikisika vibaya.

Mwisho ulikuwa moshi. Usiku wa baridi bibi huingiza jiko la mkaa sebuleni. Hewa yake yenye sumu hupanda pamoja na joto, na watoto wangelala hukohuko inakokwenda, wakiwa na tundu moja tu la kushukia kwa ngazi.

Tulishuka tukaeleza yote. Fundi alisema kazi inawezekana: nguzo mpya za kubeba sakafu, boriti nene zilizokaribiana, lenta, ngazi, madirisha mawili. Alipojumlisha gharama, zilifika karibu na za nyumba mpya, na bado ukanda wa kusimama ungebaki ule mwembamba. Mjomba alinyamaza. Si rahisi kumwambia mkubwa wako kwamba wazo lake halifai, hasa wazo lililotokana na huruma. Bibi ndiye aliyemwokoa. Alitoka nje, akahesabu migomba nyuma ya nyumba, akaonyesha minne. "Hii imezeeka," alisema. "Jengeni kipenu hapa."

Kipenu kilikamilika kabla ya mvua za Februari. Kina chumba kimoja kikubwa, kimeegemea ukuta wa nyuma ambao ufa wake ulizibwa kwanza, na boriti mbili zilizoliwa na mchwa zilibadilishwa. Mama mdogo ana mlango wake mwenyewe, jambo ambalo darini asingelipata, nami naona ndilo lililomfurahisha kuliko yote. Maharage bado yako darini. Yamepangwa pembeni.