Barua kwa Mpwa Anayekaribia Kustaafu

Ndanda, Masasi
16 Novemba

Mpwa wangu,

Mvua bado. Jioni wingu hujikusanya juu ya uwanda wa Makonde, tukaanza kutoa ndoo nje, kisha linatawanyika. Joto ni lile unalolijua tangu utoto, na korosho zinaendelea kudondoka.

Ujumbe wako niliusoma mimi, kisha mkaza mjomba wako akadai miwani yake ausome mwenyewe. Unataka tuje Dar es Salaam tukae kwako penye kiyoyozi mpaka mvua zianze. Tunashukuru, ila hatuji. Dar nayo ina joto lake, tena la jasho lisilokauka, na korosho haziokotwi kwa simu. Lakini umeuliza pia wewe ujiandae vipi, maana barua yako ya kustaafu haiko mbali. Hilo ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Watakaokushauri wengi watazungumzia mafao. Watakuambia usinunue daladala kwa malipo ya mkupuo, usimkopeshe kila anayebisha hodi, ukumbuke uhakiki wa mfuko wa pensheni, PSSSF. Ni kweli yote. Ila kuna jambo hawalitaji, na mwezi kama huu ndio unaolifichua: mstaafu harudi nyumbani tu, anarudi kwa mtu. Mimi nilikuwa darasani mchana, mkaza mjomba wako wodini, mara nyingi zamu ya usiku. Tulilea watoto kwa kupokezana mlangoni. Leo ikishafika saa tano hakuna pa kwenda. Hadi saa kumi jioni tuko barazani, kivuli kimoja, mkeka mmoja, mtungi mmoja wa maji. Hapo ndipo wawili wanapojuana.

Wako wazee wenzangu ambao kivuli hicho kimewashinda. Msimu huu mabibo ni tele, na palipo na mabibo pana uraka; wanaondoka asubuhi, wanarudi giza limeingia. Usidhani wote ni walevi. Wengine hawana la kuzungumza na mke waliyekaa naye miaka yote ya kazi, na kilabuni angalau mtu hakosi wa kuongea naye. Nawe mpwa wangu, kwa jinsi ninavyokuona, unatoka ofisini unapitia kijiweni, unafika nyumbani watu wamelala. Mwenye kuzoea hivyo hawezi kubadilika siku anayokabidhi funguo za ofisi. Anza sasa.

Nikueleze siku yetu, upate picha. Tunaamka saa kumi na moja. Mbaazi zinabandikwa jikoni kwa kuni chache, ziive kabla jua halijapanda, ili mchana tusikae tena na moto. Kisha tunaingia mikoroshoni kuokota zilizoanguka usiku. Mimi nakusanya, yeye anatenganisha korosho na bibo, kwa kuwa mgongo wake haupendi kuinama. Ikigonga saa tatu tumekwisha kurudi na kuanika. Kuchambua daraja la kwanza na la pili ni kazi yake; jicho la muuguzi halipitwi na punje iliyooza. Kupeleka magunia chama cha msingi na kufuatilia stakabadhi ni kazi yangu, lakini daftari analiandika yeye, na fedha ikiingia benki ujumbe tunausoma pamoja. Watu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, wakija na fedha mkononi kabla ya msimu, hawamkuti mzee mmoja wa kumrubuni. Wanatukuta wawili, na wawili tunakataa.

Chakula cha mchana nakiandaa mimi. Najua mlicheka mlipokuja. Mihogo iliyochemshwa asubuhi, mbaazi zenyewe, embe dodo mbili, basi. Huyu mama aliwapikia ninyi nyote penye jiko la moshi hata Novemba. Sasa sioni kwa nini asikae akapepewa. Nawe usingoje mkeo aumwe ndipo ujue chumvi inawekwa wapi.

Habari ya maji ina somo lake. Ndanda tumejaliwa chemchemi zinazotoka chini ya ukingo wa uwanda. Wabenediktini walipohamia hapa mwaka 1906, baada ya misheni yao ya Lukuledi kuharibiwa katika vita vya Maji Maji, walikuta maji yanatiririka. Mkaza mjomba wako ni mtu wa Newala, juu kule, ambako mvua huzama mchangani na zamani watu waliteremka mabondeni na kupanda tena wakiwa na mitungi kichwani. Amekulia nyumba ya kuhesabu kata za maji. Hata leo maji ya kuoshea mboga yanakwenda kwenye mpapai, wala sithubutu kuyamwaga. Yeye naye hulalamikia kukosa upepo. Kwao, ukisimama Shimo la Mungu ukatazama bonde la Ruvuma, unapigwa na upepo mchana kutwa. Sisi huku chini ya mlima hewa imesimama. Basi joto likizidi mwezi huu nampeleka kwa dada yake kule juu siku chache. Mwenzako ana kwao, mpwa wangu, na kwao kuna kinachompoza. Usimnyime kwa kuwa wewe umekwisha kustarehe.

Joto pia ni jambo la afya, na hapa namnukuu yeye. Mzee hasikii kiu kama kijana. Mwili unakauka naye anasema hajambo. Kwa hiyo tunakunywa kwa saa, si kwa kiu. Mimi natumia dawa ya presha inayonipeleka msalani mara kwa mara, na yeye ndiye anayetazama kama nimeanza kuyumba au kujibu mambo yasiyoeleweka. Dalili hizo zikitokea, mtu awekwe kivulini, apakwe maji kwa kitambaa, akimbizwe hospitali. Mtu aliye peke yake nani atamtazama? Kliniki nenda asubuhi mapema, na dawa zisikae dirishani penye jua.

Sasa nyumba unayotaka kujenga huku. Ramani uliyotuma ni nzuri kwa macho. Ina paa la kujificha, ukuta wote unapigwa na jua, na madirisha ya kioo ya kusukuma yanayofunguka nusu. Umeme ukikatika Novemba mtakuwa mmejifungia ndani ya tanuri. Jenga paa lenye upenu mrefu, weka dari, acha hewa ipite juu, na fanya baraza pana upande usiopigwa na jua la alasiri. Jiko la kuni liwe nje, choo kiwe karibu na chumba cha kulala. Vyumba sita vya wageni achana navyo. Wageni huja Krismasi na Idi, na wajukuu hulala mkekani kwa furaha.

Na miti. Mwembe unaotupa kivuli leo niliupanda nikiwa bado nafundisha. Ukingoja ustaafu ndipo upande, utakaa juani mpaka uzeeke kabisa.

Usichelewe pia kurudi. Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso aliyesoma hapa Ndanda, alirejeshwa kwao kuzikwa Julai 2020, na taifa zima likamsindikiza. Wengi wetu hurejea hivyohivyo, ila bila msafara. Mimi napenda urejee ukiwa na miguu ya kuingia mikoroshoni.

Kwa hiyo, kabla ya kuniuliza tena bei ya kiwanja, fanya moja. Jumapili hii usitoke. Kaa na mkeo, muulize yeye anataka kuishi wapi, na mtafanya nini saa nane mchana mkiwa wawili tu, watoto wameondoka, ofisi hakuna. Usimjibie. Mkishapatana, njooni wote wawili Desemba na miche ya miembe, mvua zikiwa zimeanza. Kiwanja nitakuonyesha, na mashimo tutachimba pamoja.

Korosho kidogo nimempa dereva wa basi. Msalimie mkwe wetu na watoto.

Mimi mjomba wako.