Maji ya Korongo la Shepherd

Jangwa husingiziwa mengi. Tukisikia kwamba mahali fulani ni pakame, huwa tunakubali haraka kuwa ni kazi ya Mungu, na mjadala unaishia hapo. Leo napenda kuwapeleka wasomaji wangu kwenye njia moja ya milimani huko California, Marekani, inayoanzia jangwani na kuishia kwenye theluji. Mtu akiipanda kwa miguu anafahamu jambo ambalo nyaraka za sera hulieleza kwa shida: ukame na uhaba wa maji ni mambo mawili tofauti. La kwanza huletwa na mawingu. La pili, mara nyingi, huletwa na sahihi ya mtu fulani katika ofisi fulani.

Njia yenyewe huitwa Shepherd Pass, na iko magharibi ya mji mdogo wa Independence, makao makuu ya kaunti ya Inyo, katika Bonde la Owens. Bonde hili liko nyuma ya safu ya Sierra Nevada, jina la Kihispania lenye maana ya milima yenye theluji. Mawingu yatokayo Bahari ya Pasifiki hupanda milima hiyo, hupoa, na kumwaga karibu kila kitu huko juu. Yakivuka, yamebaki matupu. Ndiyo maana Independence haipati hata milimita 200 za mvua kwa mwaka, ilhali kilele cha Mlima Williamson, kinachotazama bonde hilo kutoka mita 4,383, hubeba theluji hadi kiangazi. Theluji hiyo ikiyeyuka, kila korongo huteremsha kijito. Wenyeji wa asili, Wapaiute, waliliita bonde hili Payahuunadü, yaani mahali ambapo maji hutiririka daima. Hawakuwa wakiota. Walichimba mifereji na kunywesha mimea yao kwa maji ya milima kabla mlowezi wa kwanza hajafika.

Niliipanda njia hiyo mwezi Juni, nilipokuwa California kwa shughuli za kitaaluma. Safari huanzia karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, katikati ya vichaka vya majani ya kijivu yenye harufu kali, juu ya mchanga unaochoma hata kabla ya saa nne asubuhi. Mwisho wake ni pito lenye kimo cha karibu mita 3,670. Kati ya hapo na pale ni kilomita kama 17 za kupanda, na mzigo uko mgongoni: hema, chakula, shoka la barafu, na makucha ya chuma ya kufunga viatuni, ambayo pale chini jangwani huonekana kama mzaha.

Mwanzoni njia hufuata kijito cha Symmes na kukivuka mara nne. Kila mara unapokikaribia unakutana na mierebi na kijani kibichi. Ukiachana nacho kwa hatua ishirini tu, unarudi jangwani. Mpaka kati ya uhai na ukavu ni mwembamba kiasi kwamba unaweza kuweka mguu mmoja huku na mwingine kule. Kisha njia huachana na kijito na kuanza kujipinda huku na huku juu ya ubavu wa mlima, mpaka mpandaji anapoteza hesabu ya kona. Ukifika juu ya tuta hilo ukidhani umepumzika, njia inateremka tena kama mita 150 kuingia katika korongo la pili, la kijito cha Shepherd. Wapandaji hukilalamikia sana kipande hiki, kwa kuwa kila hatua ya kushuka italipwa kwa hatua ya kupanda. Mimi hapo nilipata nafasi ya kupumua na kutafakari kuhusu kijito chenyewe, maana nilikuwa nimesoma historia yake.

Maji ya Shepherd yakitoka korongoni huelekea mahali paitwapo Manzanar. Eneo hilo si kubwa, lakini watu wamefukuzwa au kuhamishwa hapo mara tatu katika muda usiofika karne moja. Kwanza walikuwa Wapaiute: mwaka 1863 jeshi liliwaswaga karibu watu elfu moja wa bonde hili hadi Fort Tejon, mbali kusini, ingawa wengi walirudi baadaye na kukuta ardhi yao ina wenyewe wapya. Kisha wakaja wakulima. Mwaka 1910 ilianzishwa hapo jumuiya ya wakulima wa matunda. Manzanar kwa Kihispania ni shamba la mitufaha, na shamba lilikuwapo kweli. Lakini jiji la Los Angeles lilikuwa limekwisha kufungua mfereji wake mkuu mwaka 1913, wenye urefu wa kilomita 375, unaopeleka maji ya bonde hili jijini kwa nguvu ya mteremko tu, bila pampu hata moja. Mhandisi wake alikuwa William Mulholland. Aliyetangulia kununua ardhi na haki za maji alikuwa Fred Eaton, meya wa zamani wa jiji hilo, na wauzaji wengi hawakujua mnunuzi halisi alikuwa nani. Katika miaka ya 1920 jiji lilinunua mashamba ya Manzanar pia. Miti ikaachwa ife kwa kiu huku kijito kikipita jirani.

Waliofuata hawakuja kwa hiari yao. Kuanzia Machi 1942, baada ya amri ya Rais Roosevelt ya mwezi Februari, serikali iliikodi ardhi hiyo kutoka kwa jiji na kujenga kambi ya kizuizini. Zaidi ya watu 10,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa, waliwekwa ndani ya seng'enge na minara minane ya walinzi bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Maji yao ya kunywa yalitoka katika kijito hiki hiki. Na watu hao walifanya jambo ambalo sijaacha kulifikiria: waliihudumia mitufaha na mipea iliyosalia hadi ikazaa tena, na katikati ya mabanda wakajenga bustani zenye vidimbwi na maporomoko madogo. Waliopokonywa kila kitu walilirudishia bonde kijani chake kwa maji kidogo waliyopewa.

Juu ya korongo, baada ya misonobari ya mwisho, njia huingia katika bahari ya mawe ya matale. Hapo upepo hubadilika na mikono huanza kufa ganzi. Sehemu hii ina kumbukumbu yake. Katika kiangazi cha 1945, vita vikielekea ukingoni, malango ya Manzanar yalikuwa yamelegezwa, lakini wengi hawakuwa na nyumba ya kurudia. Giichi Matsumura, mtu mzima wa miaka 46 aliyependa kuchora, alifuatana na wenzake waliokwenda kuvua samaki kwenye maziwa yaliyo chini ya Mlima Williamson. Alibaki nyuma akichora kwa rangi za maji, dhoruba ikamkuta, akafariki. Alizikwa papo hapo chini ya rundo la mawe. Mwezi Oktoba 2019 wapandaji wawili waliiona mifupa yake, na mwaka uliofuata akazikwa Santa Monica kando ya mkewe. Nilipopita katika mawe yale nilijiuliza ni nini humtuma mtu aliyefungiwa jangwani miaka mitatu kupanda mpaka kwenye theluji. Nadhani alitaka kukiona chanzo cha maji aliyokuwa akiyanywa.

Mita mia chache za mwisho ni ukuta wa theluji. Unafunga makucha ya chuma, unachimbia shoka, unapanda hatua moja kwa pumzi moja. Juu kabisa ardhi hulala ghafla, na mbele yako kuna uwanda mpana mweupe. Pito hili ni mgawanyo wa maji. Theluji iliyoanguka mashariki yake hushuka Bonde la Owens na kuingia katika mfereji wa Los Angeles. Iliyoanguka hatua chache magharibi huingia mto Kern, ambao mashamba huunyonya kiasi kwamba ukifika mjini Bakersfield, mara nyingi mkondo wake ni mchanga mtupu. Chembe mbili za theluji zimeanguka kitandani pamoja. Kila moja tayari ina mwenyewe.

Sisemi haya ili tulilaani jiji. Mamilioni ya watu wa Los Angeles, wengi wao maskini na wahamiaji, wana haki ya kunywa. Swali ni nani alikuwepo mezani maji yalipogawanywa, na nani aliachiwa hasara. Ziwa Owens lilikauka, na kitanda chake kikawa chanzo kikubwa cha vumbi lenye kudhuru mapafu ya waliobaki. Sheria ya mwaka 1937 ya kubadilishana ardhi kati ya jiji na makabila ya wenyeji iliacha suala la haki zao za maji bila kumalizwa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huko mnyonge alinyongwa na haki yake ikawekwa kabatini.

Hata hivyo, historia hii ina upande wa pili, na ndio unaowahusu wanafunzi wanaonisoma. Kaskazini zaidi, jiji lilianza mwaka 1941 kuchepusha vijito vilivyolisha Ziwa Mono. Mwaka 1976 kikundi cha wanafunzi wa vyuo vikuu kilikwenda huko kufanya utafiti: viumbe, chumvi, ndege. Mmoja wao, David Gaines, alianzisha kamati ya kulitetea ziwa mwaka 1978. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya California, na mwaka 1983 ikaamuliwa kwamba maji ni amana ya umma, na kwamba serikali ina wajibu wa kuangalia upya hata haki za maji ilizokwisha kuzitoa. Mwaka 1994 bodi ya maji ya jimbo iliweka kikomo cha uchepushaji. Miaka thelathini baadaye ziwa lilikuwa bado halijafikia kimo kilichokusudiwa, lakini halikufa. Na mwezi Desemba 2006, baada ya mabishano marefu mahakamani, maji yalirudishwa katika sehemu ya chini ya mto Owens iliyokuwa kavu kwa zaidi ya miaka 90. Kilichofanywa kwa sahihi kilipunguzwa makali kwa sahihi nyingine.

Wasomaji wa Kenya hawahitaji kusafiri mbali ili kuelewa. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, katika kaunti ya Taita Taveta. Tangu miaka ya 1950 bomba la zaidi ya kilomita 200 limepeleka maji yake Mombasa, na wananchi wa Taita Taveta hawajaacha kuuliza wao wanapata nini. Mombasa nayo ina kiu ya kweli. Hakuna upande usio na hoja, na ndiyo sababu jambo hili halipaswi kuachiwa wahandisi na wanasheria peke yao.

Kwa watumishi wa umma ninaowafahamu nina ombi moja. Kila uchepushaji wa maji una kibali. Kila kibali kina tarehe, kiasi na sahihi. Kitafuteni kibali cha mto unaopita wilayani mwenu. Someni ni maji kiasi gani yameahidiwa, kwa nani, kwa miaka mingapi, na ni kijiji gani hakikutajwa. Kisha vaeni viatu mpande mpaka kwenye chanzo, mkayaone maji hayo kabla hayajapewa mwenyewe.