Kuhusu ile chaki ya baba mdogo

Najua nimekuwa kimya tangu Agosti, na shangazi ameshaniuliza kama baridi imenimeza. Haijanimeza. Ni kazi tu, na giza. Hapa Fittja majira haya natoka nyumbani gizani na kurudi gizani, jua nalisikia kwenye habari zenu tu.

Leo nimekaa kuandika kwa sababu ya ile chaki (siyo ya ubaoni, ni lile duara la chuma mbele ya mashine linalokamata kazi). Kwa ambao hawamo kwenye kundi la familia: mwezi uliopita shafti iliruka kutoka kwenye mashine ya kukereza ya baba mdogo pale Ngamiani, ikampiga mdogo wangu mkononi na kumvunja mfupa. Alhamdulillahi haikumpata kichwani, maana kipande chenyewe kilikuwa cha kilo tatu hivi na kilitoka kwa kasi. Tangu siku ile kundi halilali. Wengine wanasema mashine iuzwe, wengine wanasema ni jicho la watu. Mwishowe wengi wamekubaliana tuchange, inunuliwe chaki mpya kutoka Dar, "ile inayojipanga yenyewe", na picha ya tangazo imeshaletwa. Mimi nimepangiwa fungu nono kuliko wote kwa kuwa niko Ulaya. Mnadhani huku hela zinaokotwa kwenye theluji!

Kuchanga nitachanga. Ila kabla hela haijatoka nataka tuelewane: chaki iliyoiachia ile shafti nayo ni ya kujipanga yenyewe. Baba mdogo hajawahi kufungia shafti kwa nyingine tangu mimi nipo shule ya msingi.

Nianze mbali kidogo, maana kila mara mnaniuliza kazi yangu huku ni nini na mimi najibu kwa mkato, "kiwandani". Bibi nilipomwambia kwamba nalipwa kwa kushika chuma alicheka hadi akakohoa. Lakini ndiyo hivyo. Karakana yetu, huku huku kusini mwa Stockholm, inatengeneza vipuri vya pampu na vya mashine za viwandani. Kukata chuma kunaongozwa na kompyuta, mimi kisu nakiweka tu mahali pake. Kazi yangu kubwa ni kufikiria namna ya kukikamata chuma ili kisisogee, kisipindike kwa kubanwa, na kisichukue saa nzima kukifunga na kukifungua. Nusu ya akili ya karakana nzima iko kwenye kushika.

Mama zangu mtanielewa haraka kuliko wanaume. Mafiga ni mangapi? Matatu. Ardhi iwe na mabonde, chungu kiwe na kitako kilichopinda, juu ya mafiga matatu kitatulia tu. Ongeza la nne uone: moja litakosa kugusa na chungu kitaanza kucheza. Sasa chuma kilichomiminwa kwenye kalibu kikitufikia ni kama chungu cha mfinyanzi, havipo viwili vilivyofanana. Kwa hiyo tunakikalisha juu ya vituo vitatu. Tatizo ni kwamba kisu kikibonyeza mahali pasipo na kituo, chuma kinanesa, kinatetemeka, na uso wake unatoka na makunyanzi. Hapo linaletwa figa la nne la ujanja. Ni kijiti cha chuma chenye springi chini yake, kinapanda taratibu mpaka kiguse tu, bila kusukuma, halafu kinafungwa palepale kinakuwa kigumu. Kikija chuma kingine chenye kitako tofauti, kijiti kinapanda upya mpaka kimkute huyo mgeni alipo.

Kuna na ujanja wa mzegazega, huu naupenda kuliko yote. Pete nyembamba ukiibana kwa taya tatu inabonyea. Ukiikereza ndani ikiwa imebonyea utaona duara safi kabisa, utajisifu, lakini ukiifungua inarudi kwenye umbo lake na lile duara linakuwa kama sambusa. Dawa yake ni chaki ya taya sita, zimepangwa mbili mbili, kila jozi iko juu ya mti mfupi unaocheza katikati kama mzegazega wa muuza maji. Taya moja ikigusa mapema, mti unainama na kumsukuma mwenzake mbele hadi wote wawili wabebe sawa. Pete inashikwa mahali sita na hakuna aliyezidishiwa.

Na wenyeji wa hapa wanapenda sana habari za kushika, wana hadi shujaa wao. Ile spana malaya (samahanini wakubwa, ndilo jina lake) umbo lake la leo lilitoka kwa Msweden, Johan Petter Johansson, aliyekuwa na karakana mji wa Enköping, magharibi mwa Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mimi huwa nawachokoza kazini kwamba spana hiyo haijipangi hata kidogo, kidole gumba chako ndicho kinachoipanga. Anayejipanga kweli ni lile koleo la fundi bomba alilolibuni Mmarekani Daniel Stillson mwaka 1869: ukizidi kuvuta mpini, nalo linazidi kung'ata. Mkiweza kukumbuka hilo koleo, mtaelewa kwa nini chaki ya baba mdogo haifanani nalo.

Haya, tuje kwenye chaki yenyewe. Kazini wamebadilisha mashine mbili, chaki za zamani zikawekwa kando pamoja na vyuma chakavu, na msimamizi akaniuzia moja kwa bei ya uzito wake. Kipenyo chake ni milimita 200, uzito kama kilo 15. Jumamosi niliipandisha treni ya mstari mwekundu ndani ya begi la mgongoni, nikashuka Fittja nimepinda kama mzee wa miaka themanini, nikaipeleka hadi nyumbani Krögarvägen. (Haya maghorofa yetu yalijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Sweden ilipokuwa ikijenga nyumba milioni moja kwa miaka kumi. Kuta ni nene lakini lifti ni ya kubahatisha.)

Chini yangu anakaa mzee wa Kituruki, kwao Kulu. Fittja imejaa watu wa Kulu, na msikiti wetu wenye mnara, ambao tangu mwaka 2013 adhana yake ya Ijumaa inasikika hadi nje, una Waturuki wengi. Mzee huyu alikuwa mkereza zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Nilipomwambia nina chaki alikuja na viatu vya ndani, hakungoja hata chai. Mke wangu alitandika magazeti sakafuni jikoni bila kusema neno, na ukimya wake mimi naujua. Tukaifungua.

Ndani yake hamna uchawi. Kuna sahani ya chuma yenye mfuo unaozunguka kutoka nje kwenda katikati, sawasawa na dawa ya mbu ya kuchoma. Taya tatu zina meno nyuma yake yanayoingia kwenye mfuo huo. Ukizungusha ufunguo kwenye tundu moja tu, sahani inazunguka na taya zote tatu zinatembea pamoja kuelekea katikati. Ndiyo kujipanga kwote. Taya zimechongwa namba, 1, 2 na 3, kwa sababu meno yake hayakuanzia mahali pamoja. Ukiweka ya pili mahali pa tatu hazitakutana katikati hata ukizunguka mpaka Idi. Na hata ikiwa mpya, chaki ya taya tatu ya kawaida huweza kukosea katikati kwa kiasi cha unene wa unywele. Chaki ya taya nne, ambayo kila taya ina skrubu yake, fundi anayejua anaiweka karibu zaidi ya hapo mara nyingi, ila lazima azungushe kidogo kidogo na kusoma saa ya kupimia, huku, kule, huku, kule. Dakika kumi zinaondoka kwa kipande kimoja.

Mzee aliingiza kidole kwenye ncha za taya, akapapasa kama daktari. Akasema kwa Kiswidi chake cha kiwandani, ambacho nashukuru ni kama changu, "Hii inajua katikati ni wapi. Kama imeshika au haijashika, hilo haijui."

Hilo ndilo ninalotaka wachangaji wote walisikie. Taya zikifanya kazi miaka mingi zinalika kwanza mdomoni, huko mbele. Zinakuwa kama mdomo wa tarumbeta. Ukifunga shafti, taya zinakutana nayo kwa nyuma tu, mbele kuna uwazi usioonekana. Ufunguo utakaza, mkono utakuambia imekaza, mashine ikiwashwa shafti itazunguka imenyooka kama kawaida. Kumbe imeshikwa kitako tu, kama mtu anayesonga ugali wa watu ishirini ameshika ncha ya mpini wa mwiko. Kisu kikiuma kidogo tu zaidi, basi. Na kasi nayo inaongeza, kwa sababu taya zenyewe ni nzito na zikizunguka zinataka kukimbilia nje. Lile koleo la bomba likilemewa linazidi kung'ata, chaki ikilemewa inaachia. Kwenye taya nne angalau mkono wako unaongea na kila taya peke yake, ukikuta moja imelegea unajua. Hii ya kujipanga inazificha zote nyuma ya ufunguo mmoja.

Nilimwomba mdogo wangu anipigie picha ya taya za chaki yao, akapiga kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye plasta. Nimezikuza picha zile kwenye treni mpaka abiria wa pembeni akaanza kunitazama. Taya zote tatu zinang'aa nyuma tu, mbele ni nyeusi kwa uchafu wa zamani. Chuma hakijazigusa pale kwa miaka. Hamna jicho la mtu hapo.

Sasa, baba mdogo. Najua utayasoma haya, au utasomewa, na hapa napima maneno kwa sababu wewe ndiye uliyenishikisha faili mkononi mara ya kwanza. Ile chaki ya taya nne iko chini ya meza ya kazi, imefunikwa gunia. Nilipokuwa mdogo wewe ulikuwa unaifunga huku unapiga hadithi, shafti na bushi za mashine za korona zinatoka mashamba ya mkonge na kurudi, mashine za korona nasema, kabla jina hilo halijawa la ugonjwa. Leo kila kitu kinaingia kwenye taya tatu, hata mifuniko ya pampu ambayo haikuwa duara siku ilipozaliwa. Siyo uvivu. Saa ya kupimia huisomi tena. Mama amesema ni ukungu tu, lakini nilipokuja likizo nilikuona ukiipeleka mlangoni kwenye mwanga, kisha ukairudisha mezani bila kusema kitu.

Kwa hiyo maombi yangu kwa wakubwa ni haya, na mkinikatalia nitakubali. Chaki ya kwenye tangazo isinunuliwe. Hii niliyonayo inatosha. Taya zake nimezisaga upya kazini baada ya saa za kazi, zikiwa ndani ya chaki na zimebanwa kama zinavyobanwa zikiwa kazini, mzee wa Kulu akazijaribu na kuridhika. Fungu langu nalituma lote kama mlivyopanga, ila liende hospitali kwa jicho la baba mdogo, na litakalobaki limtazame mdogo wangu mpaka plasta itoke. Akipona yeye ndiye atakayekaa kwenye taya nne. Ana subira kuliko sisi sote.

Mambo machache ya kufanya huko. Chaki ya zamani isitumike hata kwa "kidogo tu". Mpya ikishafungwa, kila mwezi chukueni chuma cha duara kilichonyooka, wekeni kipande cha karatasi nyembamba kwenye mdomo wa kila taya, kazeni, kisha vuteni. Karatasi yoyote ikitoka kirahisi, taya hiyo haishiki mbele, simamisheni kazi na mniambie. Grisi itiwe, maana chaki kavu inakula nguvu yako kwenye msuguano na taya zinabana kidogo. Na ufunguo usiachwe kwenye chaki hata kwa kupokea simu.

Kuna mtu wa Tanga anaondoka huku Alhamisi ya wiki ijayo, amekubali kubeba kilo 15 zangu na kuacha nguo zake (mungu amlipe). Kabla ya hapo nahitaji vipimo, la sivyo chaki itafika na isiingie kwenye mashine. Mdogo wangu, fungua chaki ya zamani, pima kwa kalipa ile shingo yenye hesi inapofungiwa: kipenyo cha nje, urefu wake, na uhesabu hesi ngapi ziko kwenye sentimita mbili na nusu. Pima mara mbili. Halafu mpe baba mdogo naye apapase kwa kidole akuambie kama hesi imelika, hilo halihitaji macho. Nitumie kabla ya Jumatatu usiku, nipate kuchonga sahani ya nyuma Jumanne.