Tanzia ya Ndege ya Kaseti

Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha ndege ya vita ya kaseti, iliyorushwa sebuleni na watoto wa Meru na Embu kwenye runinga zenye mgongo. Haikuanguka kwa siku moja. Ilianza kuugua miaka kumi hivi iliyopita, ikawa inaonekana kwa nadra, na leo ukiwauliza mafundi wa redio wa Makutano mjini Meru au wa Majengo kule Embu, utaonyeshwa maganda ya mashine zake chini ya meza, yamejaa vumbi, waya zimeng'olewa zikafanyiwa kazi nyingine.

Asili ya marehemu ni Japani. Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa mashine iliyoitwa Family Computer, iliyobuniwa chini ya uongozi wa mhandisi Masayuki Uemura. Kwetu haikuja kwa jina hilo. Zilizotufikia ni nakala kutoka Taiwan na China, nasi tukaziita gemu ya TV, basi. Ndani ya boksi mlikuwa na kontrola mbili, bunduki ya plastiki, adapta iliyopata moto haraka, na kaseti ya manjano iliyoandikwa kwamba ina michezo 9999. Michezo yenyewe ilikuwa michache, ikirudiwa kwenye orodha kwa majina mengine au kwa kuanzia hatua nyingine. Hatukulalamika. Kati ya hiyo michache mlikuwa na ndege.

Iliyojulikana na wengi ni 1942, mchezo wa Capcom uliotoka mwaka wa 1984 kwenye mashine za kutia sarafu na kufika kwenye mashine za nyumbani mwaka uliofuata. Ndege yake ni ya propela, ingawa sisi tuliiita jeti kama tulivyoiita kila kinachoruka na kufyatua risasi. Inaondoka kwenye meli ya kubebea ndege na kusafiri juu ya Pasifiki kuelekea Tokyo, hatua 32 zinazohesabiwa kwa kurudi nyuma. Waliouunda mchezo huo ni Wajapani, na ndege wanazozitungua wachezaji ni za Wajapani. Hilo hatukulijua. Katika vijiji vyetu kulikuwa bado na wazee waliopelekwa na jeshi la King's African Rifles hadi Burma kupigana na Wajapani wa kweli, nao walipita mbele ya milango ya sebule hizo, sauti za risasi zikisikika, bila mtu wa kuwaambia kwamba watoto wanacheza vita vyao.

Ukiwatungua maadui wekundu wote waliokuja kwa safu moja, ulipata herufi za POW zilizokuongezea nguvu. Lakini nyumba nyingi zilikuwa na TV ndogo ya Great Wall, ya picha nyeusi na nyeupe, iliyowashwa kwa betri ya gari, na humo nyekundu na kijani zote ni kijivu. Basi watoto walijifunza kuwatambua wekundu kwa mruko wao: wanavyoingia kwa pembeni, wanavyopinda pamoja, wanavyozunguka kabla ya kutoka. Nimewahi kumwona mtoto aliyezoea Great Wall akikaribishwa kwenye TV ya rangi, akacheza vilevile, macho yake yakifuata mkondo wa ndege wala si rangi yake, akawashinda wenyeji. Ule ulikuwa ujuzi halisi, na sidhani kama kuna kitabu kilichowahi kuutaja.

Tena kulikuwa na jeti yenyewe. Waliobahatika kuwa na kaseti ya Top Gun, ya Konami, iliyotoka mwaka wa 1987 kutokana na filamu ya mwaka uliotangulia, walikaa ndani ya chumba cha rubani wa F-14. Kutungua ndege za adui kulikuwa rahisi kiasi. Shida ilikuwa kutua. Meli ilionekana mbele kama kipande kidogo cha ubao juu ya maji, na skrini ikaanza kukuamrisha kwa Kiingereza: kulia, kushoto, juu, chini, ongeza mwendo, punguza. Ulitakiwa kufika ukiwa na mwendo wa 288 na kimo cha 200. Nambari hizo mbili zilijulikana na watoto ambao hawakujua namba ya simu ya nyumbani. Wasiosoma Kiingereza walisomewa na wenzao, chumba kizima kikapiga kelele "Kushoto! Kushoto! Punguza!", na ndege ikaingia baharini hata hivyo.

Kuna jambo la sehemu hii ya Kenya ambalo watoto wa miji mingine waliocheza kaseti hiyo hiyo hawakuwa nalo. Kambi ya jeshi la anga ya Laikipia iko Nanyuki, na humo ndimo zilimokaa F-5, jeti za kivita ambazo Kenya ilizinunua Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mtoto wa Timau angeweza kuiacha kontrola, akatoka nje, akaisikia jeti ya kweli ikipasua anga upande wa mlima. Na katika ile filamu ya Top Gun, ndege nyeusi za adui zinazoitwa MiG-28 si MiG hata kidogo. Ni F-5 zilizopakwa rangi. Yaani adui wa sinema alikuwa ndugu wa mlinzi wa anga yetu.

Hii ni anga yenye historia nzito. Tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, marubani waliolazimishwa kupeleka F-5 kushambulia Nairobi waliishia kuyadondosha mabomu yao katika msitu wa Mlima Kenya. Na kabla ya hapo, kati ya 1953 na 1955, Waingereza walituma ndege za Lincoln kuimwagia mabomu misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, wakiwawinda wapiganaji wa Mau Mau, huku wanavijiji wakilazimishwa kuchimba handaki refu kwenye ukingo wa msitu ili chakula kisiwafikie.

Nyanya yetu alikuwa mmoja wa waliochimba. Hakuwa amewahi kutuambia. Alasiri moja ya likizo, upande wa Runyenjes, alisimama mlangoni na ungo wa maharagwe, akaitazama skrini kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akauliza, "Na hawa wa chini wako wapi?" Tukamwambia, "Nyanya, chini hakuna watu, ni bahari tu." Akasema, "Kwetu kulikuwa na watu." Akaketi. Akatusimulia jinsi alivyokuwa handakini na jembe, msichana bado, mlio ukatokea nyuma ya mawingu, nao wakakatazwa kuinua vichwa. Kontrola ilikuwa mkononi mwa binamu yangu, amesimamisha mchezo, ndege ikiwa imeganda hewani. Nimesoma mengi kuhusu vita hivyo baadaye, lakini aliyenifungulia mlango ni yeye, na kilichomfungua yeye ni kaseti ya manjano. Wanaosema michezo ile ilitupotezea wakati tu hawakuwa chumbani humo.

Kuhusu chakula cha marehemu: stima. Mabwawa ya Mto Tana yako hapo chini, Kindaruma likizalisha umeme tangu 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, na nyaya nene zikapita juu ya mashamba ya Mbeere kwenda mbali huku nyumba zilizo chini yake zikiwasha koroboi. Betri ya gari ilibebwa kwa baiskeli hadi senta ikachajiwe, na iliporudi, baba alihesabu kwanza habari za saa moja, ndipo watoto wapewe masalio. Hata wenye nyaya hawakuwa salama. Mwaka wa 2000, ukame ulipoyakausha mabwawa, mgao wa umeme uliikata ndege katikati ya safari.

Na ndege ikikatwa, imekwisha. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 2 za kufanyia kazi, na stima ikipotea zote zilifutika. Kaseti zetu hazikuhifadhi kitu. Ungeweza kufika hatua ambayo hakuna mtoto wa kijiji chote aliyewahi kuifika, taa ikazima, na kesho mashine ikakupokea kama mgeni: hatua ya 32, alama sufuri. Hakukuwa na orodha ya washindi iliyolala usiku mmoja.

Kwa hiyo ushindi wako uliishi kwa watu waliokuwapo tu. Ukidai shuleni kwamba umelitungua dege kubwa la mwisho, uliulizwa, "Nani alikuona?" Nawe ukataja majina. Shahidi akaitwa wakati wa mapumziko, akahojiwa: lilitokea upande gani, lilikuwa na rangi gani, wewe ulikuwa umebakisha maisha mangapi. Akijikanganya, alama zako zimefutwa. Ndiyo maana hakuna aliyecheza peke yake kwa hiari. Katika 1942 wachezaji wawili hupokezana, mmoja akifa mwenzake anashika, lakini hata aliyekuwa wa tano kwenye foleni alikuwa na kazi, na kazi hiyo ni kuona. Alitazama kwa umakini wote, kwa sababu siku yake angehitaji macho kama hayo. Mashine ilikuwa dhaifu mno kuweka rekodi, nasi tukawa rekodi.

Udhaifu wake mwingine tuliupenda pia. Ndege nyingi zilipojipanga kwenye mstari mmoja, zilianza kupepesa, hii ikionekana, ile ikitoweka. Mashine asili iliweza kuchora vitu vinane tu kwenye mstari mmoja wa skrini, vingine vikasubiri zamu. Sisi tulisadiki kwamba maadui wanajificha. Kulikuwa na mbinu kamili za kupigana na adui anayepepesa, zilizofundishwa na wakubwa kwa wadogo kwa uzito wote.

Kilichomuua marehemu si kimoja. Mwanzoni mwa 2015 mitambo ya matangazo ya analogi ilizimwa nchini, kila nyumba ikahitaji king'amuzi, na king'amuzi kikaketi kwenye tundu lile lile la TV ambalo gemu ilizoea kuchomekwa. Nani angemwambia mama achomoe taarifa ya habari? Kisha TV bapa zikaja. TV bapa ikipokea picha ya aina ile huifanyia kazi kwanza kabla ya kuionyesha, na huko kuchelewa, sehemu ndogo sana ya sekunde, kunatosha kukufanya uikwepe risasi ambayo tayari imekupiga. Bunduki ya plastiki ndiyo iliyokufa kabisa, kwani ilitegemea mwanga unaochorwa mstari kwa mstari kwenye kioo cha zamani.

Mafundi walijitahidi. Walikata mpira wa chupa kutengeneza vitufe, wakaunga adapta, wakabadilisha waya za manjano na nyeupe. Lakini ukiifungua mashine ya miaka ya mwisho unakuta ubao mdogo wa kijani na juu yake tone jeusi la gundi lililokauka. Mashine yote iko ndani ya tone hilo. Likiharibika, hakuna pa kugusa. Fundi wa miaka thelathini ya redio anaigeuzageuza, anaiweka chini, anakwambia, "Hii, mwanangu, hapana."

Mwaka ule ule wa 2015 mradi wa Last Mile ukaanza kuvuta nyaya hadi vijijini, kwa hiyo stima tuliyoililia ilikuta marehemu yu mahututi. Watoto walikuwa wameshahamia vibanda vya PlayStation, kwenye kandanda, kisha kwenye simu. Huko Japani Nintendo ilikuwa imeacha kutengeneza mashine asili tangu 2003, na Uemura mwenyewe alifariki Desemba 2021.

Marehemu ameacha nakala za programu zinazochezeka kwenye simu yoyote. 1942 nzima inaingia ndani ya faili dogo kuliko picha moja ya harusi. Nimeicheza hivyo. Inahifadhi kila hatua, inakumbuka kila alama, inakuruhusu kurudi nyuma ukifa, na hakuna mtu anayekuwa ameketi kando yako. Siiiti ndege ile.

Kwa kuwa mashine haikuandika, naandika mimi nilichokiona. Runyenjes, likizo ya Agosti, msichana wa darasa la saba aliicheza Top Gun tangu mwanzo, akatua melini kila alipotakiwa kutua, akafika hadi chombo cha anga cha adui katika misheni ya nne, akakilipua, stima ikiwa haijapotea. Mchezo haukumuuliza jina. Mashahidi ni mdogo wake wa kiume, watoto wawili wa fundi wa baiskeli, na mimi. Alifika melini kwa mwendo wa 288, kimo 200, na mdogo wake ndiye aliyekuwa akisoma nambari kwa sauti. Wa Chuka, Nkubu na Maua walio na alama za mtu kichwani waziandike pia, kwa hatua na kwa mashahidi, wakiwa bado wanazikumbuka.