Inanga ya Babu Ndani ya Kompyuta

Wenzangu wengi hudhani kuwa programu ya kuchezea video ni kitu kimoja tu. Sivyo. Ndani yake mna sehemu nyingi ndogo, kama kituo cha kuoshea kahawa: mashine ya kumenya haijui kukausha, wala meza za kukaushia hazijui kumenya, ila kila moja hupokea kutoka kwa mwenzake.

Jambo hili nalijua kwa sababu ya babu. Mwaka 2012 mjomba alimrekodi kwa simu akipiga inanga, ambayo kwetu Burundi huimbwa kwa mnong'ono. Babu alifariki mwaka 2015. Baadaye tulipoifungua video ile katika kompyuta, tuliona vidole vyatembea juu ya nyuzi na midomo yacheza, lakini sauti haikutoka. Bibi aliinuka akaenda zake bila kusema neno.

Basi nikauliza mafundi. Faili la video ni kama gunia lenye picha na sauti, zote zimeshindiliwa. Sehemu moja hulifungua gunia na kuzitenga. Kisha picha huenda kwa mfasiri wake, na sauti kwa wake, ambaye mafundi humwita kodeki. Mwisho picha hufika kwenye kioo na sauti kwenye spika, na saa moja huziongoza ili midomo isitangulie maneno. Sauti ya simu ile iliandikwa kwa namna iitwayo AMR, na programu yetu haikuwa na mfasiri wake. Kumbe sauti ilikuwamo siku zote!

Tukaweka VLC, programu iliyoanzishwa na wanafunzi (naam, wanafunzi kama sisi!) wa École Centrale Paris mwaka 1996, na kuruhusiwa kutolewa bure mwaka 2001. Hiyo ina wafasiri tele. Babu akanong'ona. Bibi alitaka irudiwe mara tatu.

Hata hivyo si yote yaliyorudi. AMR ilitengenezwa kwa mazungumzo ya simu: hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, hali sahani ya CD hupima mara 44,100. Sauti nyembamba za juu, ambazo mnong'ono unazo nyingi, zilitupwa siku ile ile ya kurekodi, wala hakuna kodeki iwezayo kuzirudisha.

Ninyi mliokwisha kumaliza shule, video zenu za zamani zisizotoa sauti msizifute kwanza. Nami likizo hii nitamrekodi mdogo wake babu, aliye hai hapa Gashoho, kwa kinasa sauti kilicho bora kuliko simu ile.